Bomu la 7 Agosti 1998: mfungwa akiachiliwa mapema, sisi tulioumia tunaulizwa na nani?

MamaWaVoi (ameanzisha uzi)

Hamjambo wanajukwaa. Humu mimi huwa msomaji tu. Napitia za mapishi na za siasa, nacheka peke yangu, nazima simu. Leo naandika kwa sababu kila Agosti ikifika usingizi hunipaa, na mpwa wangu amechoka kunisikiliza. Kaniambia, "Shangazi, kawaambie na wengine."

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka 21, nasomea uhazili katika chuo kilichokuwa ndani ya jumba la Ufundi, ubavuni mwa ubalozi wa Marekani, Nairobi. Ilikuwa Ijumaa. Mwalimu alinituma kutoa nakala za zoezi, nikashuka ngazi nikinung'unika kwa nini kila mara ni mimi. Nilikuwa nimeshavuka barabara niliposikia mlio, wala haukuwa mkubwa, kama tairi la lori limepasuka. Nikageuka kutazama. Jicho langu la kushoto liliishia hapo. Wengi waliopofuka siku ile walipofuka vivyo hivyo: mlio wa kwanza ulikuwa guruneti, watu maofisini wakakimbilia madirishani kuona kuna nini, na bomu lenyewe likawakuta wamesimama mbele ya vioo.

Jumba la Ufundi liliporomoka lote. Darasa langu lilikuwa humo. Hapo sitaongeza neno.

Walikufa watu 213 Nairobi, na 11 Dar es Salaam karibu saa ileile. Majeruhi walikuwa maelfu.

Sasa nije kwenye kilichonileta. Desemba 2020, wakati wa corona, mpwa wangu alinionyesha kwenye simu picha ya mzee mmoja mwenye ndevu. Akaniambia, huyu alifungwa kwa kesi yenu, ameachiliwa Marekani, amerudi kwake London. Jina Adel Abdel Bary. Kwa aibu nitasema ukweli: jina hilo nilikuwa silijui. Namjua Osama, nawajua wale wanne waliohukumiwa New York mwaka 2001. Huyu hapana. Kumbe ni Mmisri, wakili, aliyekuwa na hifadhi Uingereza, na kazi yake katika mambo yale ilikuwa kupokea na kupeleka kwa vyombo vya habari, kwa faksi, taarifa za wale waliojivunia kutulipua.

Nikauliza, ameachiliwa kwa nini? Mpwa akasoma: jaji amemwonea huruma kwa kuwa ni mnene na corona inaweza kumuua.

Nilicheka. Haki ya Mungu, nilicheka kwanza. Kisha nikakaa jikoni hadi chai ikachacha.

Swali langu kwenu mnaojua sheria: mtu aliyefungwa kwa ajili yetu anapotaka kutolewa kabla ya muda wake, kuna mahali popote duniani ambapo sisi tunaulizwa? Sina elimu ya sheria. Nimeandika kama ninavyoongea, mnisamehe urefu.

Kipanga_Msasani

Dada pole sana. Nimesoma mara mbili.

Mimi ni wa upande wa pili wa siku hiyohiyo. Nilikuwa na miaka 14, tunakaa Msasani, ubalozi ulikuwa Oysterbay, barabara ya Laibon. Tulidhani ni mtungi wa gesi wa jirani. Hapa Dar kulikuwa na lori la maji getini, na wanasema lile lori ndilo lililokinga sehemu ya mlipuko, la sivyo tungezika wengi zaidi. Waliokufa wote 11 hakuna Mmarekani hata mmoja. Walinzi wa getini, watu wa maji, watu wa kazi. Halafu ukisoma vitabu vya nje Dar huwa ni nusu sentensi: "na Dar es Salaam".

Kuhusu huyo mzee wa faksi, na mimi ndiyo kwanza namsikia.

chai_ya_rangi

Nafuatilia. Naomba wenye sheria wasitukimbie.

Wakili_Mtoro

Mama, pole, na hongera kwa kuandika. Nilisomea sheria na niliifanya miaka tisa kabla ya kukimbilia kilimo cha parachichi, kwa hiyo mnivumilie nikisahau kifungu.

Nianze kwa kuwasahihisha wenye magazeti, maana habari ile ilipotoka ilipotoshwa kidogo. Bary alikamatwa London mwaka 1999, akapigana asipelekwe Marekani hadi Oktoba 2012. Mwaka 2014 akakiri. Februari 2015 Jaji Lewis Kaplan akampa miaka 25, ikihesabiwa tangu alipokamatwa. Sasa, magereza ya serikali kuu ya Marekani hayana parole, yaani kutolewa mapema kwa masharti, kwa makosa yaliyotendwa baada ya 1987, ila mfungwa mwenye tabia njema hupunguziwa hadi siku 54 kwa mwaka. Ukikokotoa hivyo, muda wake ulikuwa unakwisha 28 Oktoba 2020, corona au bila corona. Alichopewa na jaji kwa sababu ya unene na pumu ni wiki chache tu. Vichwa vya habari vilivyosema "gaidi aachiwa kwa kunenepa" viliuza magazeti.

Kwa hiyo kama unatafuta mahali ambapo haki yako ilipunguzwa, usiangalie 2020. Angalia 2014. Mashtaka yaliyomhusisha na vifo vya watu 224 yaliachwa, akakiri makosa matatu: kula njama ya kuua Wamarekani, na mawili ya vitisho vya milipuko. Kaplan mwenyewe alisita kuyakubali makubaliano yale, akataka pande zote mbili zimweleze kwa nini kesi nzito namna ile iishie kwenye miaka 25. Wakamweleza, akakubali.

Linganisha na mwenzake Khalid al-Fawwaz. Walisafirishwa kutoka Uingereza pamoja, kwa ndege. Yeye alikataa kukiri, kesi ikasikilizwa, mwaka 2015 akapewa maisha.

Swali lako la nani huulizwa nitalijibu jioni. Kuna mtu wa mabomba amefika shambani.

MamaWaVoi

Asante mwanangu. Wiki chache. Kwa hiyo miaka mitano nimekuwa nikikasirikia wiki chache?

Kibokoni_Boy

Mamangu makiwa. Nitasema neno ambalo humu halitapendwa, lakini nalisema kwa adabu.

Baada ya lile bomu, sisi watu wa Pwani tulilipa. Waliotajwa na Marekani wengine walikuwa wamekaa Mombasa, wameoa Mombasa, na Fazul, yule wa al-Qaeda anayetajwa kupanga lile bomu, alitoka Ngazija akaishi kwetu kama sisi. Basi kila mwenye ndevu akawa Fazul. Kaka yangu alichukuliwa usiku na watu wasiojitaja. Akarudi baada ya siku 19 bila shtaka, na hadi leo mlango ukigongwa kwa nguvu anasimama wima. Yeye naye hakuna aliyemuuliza.

Huyu mzee alituma faksi. Sisemi ni kitu kidogo. Lakini amekaa ndani miaka 21. Kama mtu anamaliza kifungo chake chote alichopewa na mahakama halali na bado tunasema hapana, basi tunachotaka si sheria tena.

Na jambo jingine. Kumbukeni kesi ya Ahmed Ghailani, kijana wa Zanzibar. Alikamatwa Pakistan 2004, akafichwa kwenye magereza ya siri, akapelekwa Guantanamo, kisha New York. Mwaka 2010 jopo la raia lilimwona hana hatia kwa mashtaka 284 kati ya 285. Kwa nini? Shahidi mkubwa alikataliwa mahakamani kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumbana Ghailani kwa mateso. Alipewa maisha kwa lile shtaka moja lililobaki, sawa. Ila kila familia ya Nairobi na Dar iliyotaka kusikia neno "ana hatia ya kumuua mwanao" haikulisikia. Walionyima familia hizo neno hilo ni wale waliomtesa.

tozo_haramu

Yote haya ni mchezo wa Wamarekani wenyewe. Amkeni.

MamaWaVoi

Wewe tozo, njoo Nairobi nikuvulie miwani.

Kibokoni, makiwa nawe, na pole kwa kaka yako. Ungekuwa karibu ningekukaribisha mahamri. Umesema kweli yote na sina la kubisha, ila umenijibu jambo ambalo sikuuliza. Sikusema aoze ndani. Mimi ni muuguza wazee, naosha watu wanene na wembamba, najua mwili ukishindwa unavyokuwa. Ningeulizwa, huenda ningesema aende zake. Ingewezekana kabisa. Mgonjwa ni mgonjwa.

Lakini ningelisema mimi. Neno ni "kuachiliwa kwa huruma", au sivyo? Basi hiyo huruma ilitoka kwenye akiba ya nani?

Kipanga_Msasani

Hapo umenimaliza.

Bi_Ilford

Salamu kutoka London mashariki. Nilikuwa huku Bary aliporudi, tukiwa tumefungiwa ndani kwa corona. Magazeti yaliandika uzito wake kwa kilo na kwa ratili, mtaa wake, na mwanawe aliyewahi kuwa mwanamuziki. Nairobi ilitajwa kama anwani.

Mjue kwamba huku mwaka huohuo sheria ilikuwa imebadilishwa. Zamani mfungwa wa ugaidi wa kifungo cha miaka maalumu alitoka akifika nusu, bila kuhojiwa na mtu. Novemba 2019 mmoja aliyetoka hivyo, Usman Khan, aliua vijana wawili pale Fishmongers' Hall karibu na London Bridge, tena kwenye mkutano wa kusaidia wafungwa kurudi kwenye jamii. Februari 2020 mwingine akachoma watu visu Streatham, siku chache baada ya kutoka. Bunge likapitisha sheria kwa wiki kadhaa tu: ikawa ni theluthi mbili ya kifungo, kisha bodi ya parole iridhike.

Ila nataka niseme hili kwa sababu nimeona watu wanasema "waathiriwa wanataka" kana kwamba waathiriwa ni mtu mmoja. Baba wa mmoja wa wale vijana wawili alijitokeza hadharani, kabla hata mazishi hayajafanyika, akaomba kifo cha mwanawe kisitumiwe kuongeza vifungo, kwa kuwa mwanawe aliamini watu hubadilika. Wanasiasa waliendelea kukitumia. Kwa hiyo hata huku penye kamera, mwathiriwa husikilizwa akisema kile kinachotakiwa.

Msomaji_Mkongwe

Nimefurahia uzi wenye watu wazima. Nichangie mawili.

Lockerbie, Uskoti, ndege ya Pan Am iliyolipuliwa angani, Desemba 1988, watu 270. Mlibya Abdelbaset al-Megrahi aliachiliwa na Uskoti Agosti 2009 kwa sababu ana saratani na madaktari wanampa miezi mitatu. Akapokelewa Tripoli kwa bendera. Akaishi hadi Mei 2012. Familia za Marekani walihisi wametemewa mate. Lakini baadhi ya familia za Uingereza hawakuamini kabisa kwamba ndiye mwenye kosa, na kwao msiba ulikuwa tofauti: akiondoka na rufaa yake imeondolewa, ukweli nao umeondoka. Msiba mmoja, ndege moja, watu wanalia kwa sababu zinazopingana.

La pili mabomu ya Bali, Indonesia, Oktoba 2002, waliokufa watu 202, kati yao Waaustralia 88. Umar Patek alitengeneza mabomu. Alipewa miaka 20 mwaka 2012, na Desemba 2022 akatoka kwa parole. Indonesia ina desturi ya kupunguza vifungo kila siku ya uhuru, 17 Agosti, miezi hapa, miezi pale, hadi unashtukia kifungo kimeisha kama sabuni. Waaustralia walipiga kelele hadi waziri mkuu wao akasema. Patek akatoka hivyohivyo.

chai_ya_rangi

"Kama sabuni" 😂 samahanini, nimecheka kwenye uzi wa huzuni.

Mwalimu_wa_Butere

Dada yangu mdogo alikuwa Chuo Kikuu cha Garissa siku kilipovamiwa. 2 Aprili 2015. Mmoja wa wale 148 waliouawa.

Mwaka 2019 mahakama iliwahukumu watatu. Mtanzania mmoja maisha, Wakenya wawili miaka 41 kila mmoja. Babangu alisikiliza hukumu kwenye redio, akachukua kalamu akajumlisha: atatoka na umri gani, mimi nitakuwa na miaka mingapi. Akaandika pembeni mwa kalenda ya kanisa. Hiyo karatasi ipo.

Novemba 2021 tukasikia wafungwa watatu wa ugaidi wametoroka Kamiti, na mmoja wao ni wa miaka 41. Gereza lenye ulinzi mkali kuliko yote. Serikali ikatangaza zawadi ya shilingi milioni 60 kwa wote watatu. Wakakamatwa Kitui siku tatu baadaye wakiwa wamechoka, wanaomba maji na biskuti kwa wanakijiji. Sisi tulikuwa tunaogopa parole na msamaha, kumbe yupo aliyejipa msamaha mwenyewe.

Siku hizo tatu babangu hakulala kitandani. Alilala sebuleni na panga, Butere, kilomita sijui ngapi kutoka Kamiti. Nikamwambia, baba, hawatujui sisi. Akasema, "Najua hawatujui."

MamaWaVoi

Mwalimu, nimesoma sentensi ya mwisho nikaweka simu chini. Salimia mzee.

Wakili_Mtoro

Nimerudi. Mabomba yamekataa.

Nani huulizwa. Marekani wana sheria ya haki za waathiriwa ya mwaka 2004. Inasema mwathiriwa ana haki ya kuarifiwa na ya kusikilizwa katika kikao cha wazi kinachohusu kuachiliwa kwa mtu, makubaliano ya kukiri, au hukumu. Haichagui uraia. Mama, kwa sheria hiyo wewe ni mwathiriwa sawa na mjane wa Texas. Na si maneno matupu: mwaka 2001, kabla ya kuamua kama wawili kati ya wale wanne wauawe au wafungwe maisha, Wakenya walisafirishwa hadi New York, wengine hawaoni tena, wakakaa kizimbani wakaeleza. Jopo halikuafikiana kuhusu kifo, wote wanne wakapewa maisha bila kutoka.

Shimo liko wapi? Shimo liko kwenye maneno "kikao cha wazi". Tangu sheria ya 2018 mfungwa anaweza kumwandikia jaji moja kwa moja kuomba huruma, na maombi mengi huamuliwa kwa karatasi. Wakili anaandika, serikali inajibu, jaji anaandika. Hakuna kikao, hakuna kiti. Na kuarifiwa kunategemea kama jina na anwani yako vipo kwenye orodha yao na bado ni sahihi. Mwaka 1998 ulikuwa na simu?

MamaWaVoi

Simu gani? Nilikuwa na sanduku la posta la mjomba, naye alikufa 2006.

Wakili_Mtoro

Basi ndiyo hivyo.

Kenya sasa, maana hapa watu hudhani hatuna kitu. Tuna. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014, kifungu cha 12, inakupa haki ya kuwasilisha maelezo kwa mahakama wakati wa dhamana, wakati wa makubaliano ya kukiri kosa na wakati wa hukumu, na pia kwa ile Kamati ya Ushauri kuhusu Msamaha inayomshauri Rais. Katiba yenyewe, ibara ya 133, inasema kamati hiyo inaweza kuzingatia maoni ya waathiriwa. Tazameni neno: inaweza. Haikuandikwa "ni lazima". Mtu aliyeketi kuandika alichagua neno hilo.

Kipanga_Msasani

Na kwetu Bongo je? Maana kila 26 Aprili na 9 Desemba tunasikia wafungwa elfu kadhaa wamesamehewa.

Wakili_Mtoro

Ibara ya 45 ya katiba yenu inampa Rais mamlaka ya kusamehe na kupunguza adhabu. Mwathirika hatajwi humo. Orodha za misamaha huwa zinaacha nje makosa mazito, lakini hilo ni uamuzi wa anayesamehe. Anayedai hana mlango wa kugonga.

Kibokoni_Boy

Nimesoma yote. Mama, nakubali hoja ya kiti. Sikubali kiti kiwe na kura. Ukimpa aliyeumia kura, kifungo kitategemea nani ameumizwa: mwenye moyo mwepesi mfungwa wake atoke, mwenye moyo mzito mfungwa wake afie ndani. Asikilizwe, aandikwe, jaji amjibu kwa maandishi kwa nini amekubali au amekataa maneno yake. Kaka yangu naye angetaka hilohilo: karatasi yenye jina lake na sababu.

MamaWaVoi

Kura sitaki mwanangu. Nikipewa kura nitakosa usingizi mara mbili. Hilo la kujibiwa kwa maandishi nimelipenda.

tozo_haramu

Mbona hamzungumzii pesa? Sudan ililipa mabilioni.

Kipanga_Msasani

Leo umeuliza la maana. Sudan, iliyoshtakiwa Marekani kwa kuwahifadhi al-Qaeda, ilitoa dola milioni 335, sehemu ya mapatano ya kuondolewa kwenye orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi mwishoni mwa 2020, na fedha zikaachiliwa Machi 2021. Hapo kabla, Mei 2020, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Opati dhidi ya Sudan kwa upande wa waathirika, kuhusu fidia ya kuadhibu. Lakini walionufaika ni raia wa Marekani na waliokuwa wameajiriwa na ubalozi, pamoja na familia zao. Hata humo ndani, mwenye pasipoti ya Marekani alitengewa zaidi ya Mkenya au Mtanzania waliyekuwa wakikaa naye ofisi moja. Aliyekuwa anapita njiani, anauza karanga, anasoma chuo jirani, hakuna.

MamaWaVoi

Mimi ndiye "chuo jirani". Seneti ya Kenya iliunda kamati ya kutazama fidia yetu, wengine tukaitwa tukasema. Tuliyasema vizuri. Jicho la bandia linabadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, hilo nalisema kwa anayedhani ni kitu cha kununua mara moja. Lakini pesa ni uzi mwingine, tusichanganye mboga.

nyuki_02

Shikamoo mama. Mimi nimezaliwa 2002, bomu nimelisoma shuleni ukurasa mmoja. Naomba kuuliza bila ubaya. Kama huyo Bary ameshatoka na hawezi kurudishwa, na wale wengine ni maisha bila kutoka, Osama kafa, Fazul kauawa Mogadishu 2011, Zawahiri aliyemrithi Osama kauawa Kabul 2022, sasa vita vya nani vimebaki?

MamaWaVoi

Marahaba mwanangu. Si ubaya, hata mimi hujiuliza nikiwa nafua. Wakili msaidie.

Wakili_Mtoro

Swali zuri, na jibu lake ndilo linalonifanya niache parachichi usiku huu.

"Maisha bila kutoka" ya 2001 iliandikwa kabla ya mlango wa ile sheria ya 2018. Mlango ule uko wazi hata kwa mfungwa wa maisha: akizeeka, akiugua, anaweza kuandika. Sisemi atakubaliwa. Nasema anaweza kuandika, na mwaka kesho anaweza kuandika tena. Wale wanne, Odeh, al-Owhali, el-Hage na Khalfan Khamis Mohamed, wengine walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Wanazeeka gerezani. Maombi ya figo, ya moyo, ya kusahau yatakuja, miaka 10 au 20 kutoka sasa. Serikali itajibu kwa karatasi. Na karatasi za Nairobi zitatoka wapi? Mashahidi wa 2001 wengi wameshatangulia mbele ya haki. Waliobaki wamehama, wamebadilisha namba.

Kwa hiyo andikeni sasa hivi mkiwa na akili timamu. Kila mmoja maelezo yake: ulikuwa wapi, uliumia nini, umeishije, na ukipenda, unataka jaji afanye nini siku hiyo. Kama ni "muacheni", andika muacheni. Nenda kwa kamishna wa viapo, aapishe, agonge muhuri. Nakala moja iende kwa waendesha mashtaka wa Manhattan waliosimamia kesi, pamoja na anwani mpya na namba ya mtoto au mpwa. Moja ibaki nyumbani. Maelezo yenye kiapo hayazeeki kama sisi.

Bi_Ilford

Mimi naweza kupiga chapa na kutafsiri kwa Kiingereza, bure. Nina jioni nyingi na baridi inaanza.

Mwalimu_wa_Butere

Na sisi wa Garissa tuandike?

Wakili_Mtoro

Hasa nyinyi. Yenu ni ya hapa nyumbani, kifungu cha 12 ni chenu. Na ile kalenda ya mzee, piga picha, iambatanishe.

Mwalimu_wa_Butere

Atakataa kuitoa ukutani. Nitaipiga picha akiwa kanisani.

Kipanga_Msasani

Mimi sikuumia, nilisikia tu mlipuko. Lakini mke wa mlinzi mmoja alikuwa akiuza vitumbua kwetu, na bado yupo, Mwananyamala. Nitakwenda kumuuliza kama anataka kuandikiwa. Hajui kusoma. Akikataa nitanunua vitumbua.

MamaWaVoi

Nimenunua daftari la kurasa 96, nimejaza tatu. Wakili, swali la mwisho kisha nikuache ulale. Kuna rafiki yangu wa darasani. Ilikuwa zamu yake kwenda kutoa nakala siku ile, si yangu. Alikuwa na homa, akaniomba nimshikie. Jina lake naruhusiwa kuliandika humo, au hadi ndugu zake wakubali? Nilipoteana nao tangu 2003.

Wakili_Mtoro

Unaruhusiwa kueleza uliyoyaona na uliyoyafanya. Jina lake lote liache wazi kwanza. Watafute ndugu zake, yamkini wana ya kwao ya kuandika. Walikuwa wakikaa wapi?

MamaWaVoi

Kariobangi Kusini, nyuma ya soko. Mama yake alikuwa mshonaji, mlango wa buluu.

Jumamosi sina zamu. Nitaanzia hapo.